Vitamini C na tando za ute: mwongozo kamili kuanzia sokoni hadi mdomoni

Mafua yakiingia nyumbani, limau hukamuliwa kwenye chai na kopo la vidonge vya kutafuna hununuliwa duka la dawa. Fizi zikitoa damu, mtu huzisugua kwa chumvi na ndimu. Nyingi ya juhudi hizi huja zimechelewa, na nyingine zinaumiza. Utando wa ute hujengwa kila siku kwa kiasi kidogo cha vitamini C, na familia nyingi tayari zinakinunua sokoni, kisha kinapotelea kwenye beseni la kuoshea mboga na kwenye sufuria iliyochemka mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jiko.

Kazi yake mwilini

Utando wa ute ni ile ngozi laini, yenye unyevu, inayofunika ndani ya mdomo, fizi, pua, koo, njia ya hewa, tumbo, utumbo, kibofu na uke. Juu yake kuna seli zinazochakaa haraka: za utumbo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, za mdomo ndani ya wiki moja au mbili hivi. Chini ya seli hizo kuna kitanda cha nyuzi za kolajeni, protini inayoushikilia mwili, kilichojaa mishipa midogo ya damu.

Kolajeni husokotwa kwa nyuzi tatu, kama kamba. Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, vinavyoifanya kamba hiyo ikaze vinatumia madini ya chuma, na vitamini C ndiyo inayokiweka chuma hicho katika hali ya kufanya kazi. Ikipungua, kamba husokotwa legelege, kuta za mishipa midogo zinakuwa dhaifu na damu inavuja. Fizi hutangulia kuonyesha kwa sababu kolajeni yake hubadilishwa upesi, na meno, chakula na mswaki havizipi mapumziko.

Kazi ya pili ni ya ulinzi. Chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu huhifadhi vitamini C mara 50 hadi 100 zaidi ya ile iliyo kwenye maji ya damu, na huitumia sana wakati wa maambukizi. Ndiyo maana mgonjwa wa nimonia au kuhara kwa muda mrefu huishiwa haraka kuliko mtu mwenye afya.

Ng'ombe, mbuzi na mbwa hujitengenezea vitamini C ndani ya ini. Binadamu hawezi, kwa kuwa jeni inayohusika iliharibika zamani sana katika ukoo wetu. Mtu aliyeshiba vitamini hii ana akiba ya takriban miligramu (mg) 1,500. Asipoipata kabisa, akiba hushuka, na ikifika chini ya mg 300 hivi dalili hujitokeza. Safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu.

Hatua ya kwanza: kagua mdomo

Simama mbele ya kioo kwenye mwanga wa mchana, au tumia tochi ya simu. Vuta mdomo wa chini, kisha wa juu, utazame vipembe vya fizi vinavyoingia katikati ya meno.

Fizi nzima imeshikana na jino, imekaza, na haitoi damu ukipiga mswaki laini. Rangi yake ni ya waridi au ya kahawia, na wengine wana mabaka meusi ya kuzaliwa nayo ambayo si ugonjwa. Fizi ya mtu mwenye upungufu mkubwa huvimba kwenye vile vipembe, hugeuka zambarau, huwa laini kama sifongo na hutoa damu ikiguswa tu. Hicho ndicho kiseyeye. Mitaani jina hilo hupewa fizi yoyote inayotoa damu, lakini kiseyeye chenyewe ni ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Usikimbilie kujihukumu, maana damu nyingi za fizi hazitokani na vitamini. Zinatokana na ukoga ulioganda shingoni mwa jino, na hilo halitibiwi kwa machungwa. Kinachotofautisha ni dalili za nje ya mdomo: uchovu usioeleweka, maumivu ya miguu na magoti, michubuko bila kugongwa, vidoa vyekundu kuzunguka mashina ya nywele kwenye mapaja na miguu, nywele za mwilini zilizojikunja kama skrubu, na kidonda cha zamani kinachofunguka upya. Fizi mbaya pamoja na mojawapo ya hizo ni sababu ya kwenda kituo cha afya wiki hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba mtoto ambaye hajaota meno, na mzee aliyeng'oka yote, wanaweza kuwa na kiseyeye bila mabadiliko yoyote ya fizi.

Dalili nyingine za mdomo zina wenyewe. Pembe za midomo zilizochanika huelekeza kwenye upungufu wa vitamini B2 au chuma, au fangasi. Ulimi uliopauka, laini na unaowasha kwenye chumvi huelekeza kwenye chuma au vitamini B. Macho makavu na kutoona vizuri magharibi ni vitamini A, ambayo nayo ni mlinzi mkubwa wa tando hizi. Ukimeza vitamini C kwa matatizo hayo, utangoja bure.

Hatua ya pili: jua kiasi

Miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye. Ni kidogo mno, lakini hazitoshi kujaza akiba. Mapendekezo ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) ni mg 45 kwa mtu mzima, 55 kwa mjamzito, 70 kwa anayenyonyesha, na 30 kwa mtoto wa miaka 1 hadi 6. Marekani wameweka juu zaidi: mwanamume 90, mwanamke 75, mjamzito 85, anayenyonyesha 120, na mvutaji sigara aongeze 35 juu ya kiwango chake, kwa kuwa moshi huiteketeza. Sisi tunashauri mtu mzima alenge 90. Ni rahisi kufika, na inaachia nafasi ya kile kitakachopotea jikoni.

Mwili huchukua vizuri dozi ndogo. Ukila kati ya mg 30 na 180 kwa siku, hufyonzwa asilimia 70 hadi 90. Ukimeza gramu moja kwa mpigo, chini ya nusu ndiyo huingia, na sehemu kubwa ya iliyoingia hutoka kwa mkojo. Tunda la asubuhi na kachumbari ya jioni vina faida kuliko kidonge kikubwa kimoja.

Hatua ya tatu: chagua, na usidanganywe na uchachu

Uchachu si kipimo cha vitamini C. Ukwaju, mchachu kuliko vyote, una takriban mg 3 hadi 4 tu kwa gramu 100, kwani asidi yake ni nyingine. Siki haina. Pera, ambalo halichachi hata kidogo, lina zaidi ya mg 200 kwa gramu 100.

Kwa makadirio ya sehemu mtu anayokula kweli:

- Pera moja la wastani: mg 120 hivi. Mahitaji ya siku yametimia.
- Pilipili hoho moja ya kijani, mbichi: karibu 95. Nyekundu huzidi.
- Kipande cha papai cha gramu 150: 90.
- Chungwa moja: 70.
- Embe, bakuli dogo la vipande: 60.
- Nanasi, vipande viwili vinene: 60 hadi 70.
- Kabichi mbichi iliyokatwakatwa, konzi mbili: 25.
- Nyanya moja ya wastani: 15.
- Unga wa ubuyu, kijiko kimoja cha chakula: 15 hadi 30, hutegemea mti na umri wa unga.
- Limau nusu lililokamuliwa: 8 hadi 10.

Tazama huo mstari wa mwisho. Glasi ya maji ya vuguvugu yenye limau nusu, inayosifiwa kila asubuhi, ni moja ya tisa tu ya mahitaji ya siku. Si mbaya, ila haiwezi kubeba mzigo peke yake.

Upande wa pili wa mizani kuna ugali, wali, mkate, maharage makavu, nyama, samaki, mayai na maziwa yaliyochemshwa, ambavyo karibu havina kitu. Mtu anaweza kushiba makande miezi mitatu na bado akaugua. Mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Turkana, Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakijipikia wenyewe walianza kulalamikia miguu na fizi. Chakula chao kilikuwa nafaka na kunde. Kilikuwa ni kiseyeye, na walipopewa vitamini C walipata nafuu upesi.

Kwa anayeishi Mtwara au Lindi, bibo ni hazina inayotupwa. Korosho ikishanyofolewa, tunda linaachwa chini ya mti lioze, ilhali lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa. Lioshe, likamue, unywe juisi yake siku hiyohiyo. Ule ukakasi wake wa kukaza ulimi hupungua ukilichemsha kidogo kwa mvuke kwanza.

Hatua ya nne: ifikishe sahani ikiwa hai

Vitamini C ina maadui wanne: maji, hewa, moto wa muda mrefu na magadi. Mapishi yetu mengi ya mboga hukutana na wote wanne kabla chakula hakijaiva.

*Mboga za majani.* Nunua zilizochumwa siku hiyo. Jani lililonyauka juani limeshapoteza sehemu ya mali yake kabla hujalipia. Osha majani yakiwa mazima, yakung'ute, ndipo ukate. Kukata kwanza na kuosha baadaye ndilo kosa tunaloliona zaidi: kila jeraha la kisu ni mlango, na yale maji ya kijani yanayomwagwa ndiyo mboga yenyewe. Sukuma wiki iliyouzwa imekatwakatwa tayari imekaa na hewa tangu asubuhi, kwa hiyo usiihesabu sana. Kata wakati kitunguu kinakaangika, si saa mbili kabla.

Kwa fungu la sukuma au mchicha la watu wanne: kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta, weka mboga, ongeza maji vijiko viwili au matatu tu, funika, moto wa juu. Mchicha uipue baada ya dakika 3, sukuma dakika 5 hadi 7. Jani likiwa bado kijani kibichi na linatafunika, limeiva. Likigeuka kijani cha zeituni, umechelewa. Mboga iliyochemshwa kwa maji mengi yakamwagwa hupoteza nusu au zaidi, na kuipasha asubuhi kunamaliza kilichobaki. Kama ni lazima kuchemsha, maji yawe yanatokota kabla mboga haijaingia, na mchuzi wake unywewe.

*Magadi.* Watu huyatia kwenye mlenda, kunde na majani magumu ili yalainike na yang'ae. Rangi inapendeza, lakini vitamini C haistahimili magadi, kwa hiyo hesabu kwamba imekwisha. Kama familia haiwezi kula mlenda bila magadi, uwe na tunda pembeni.

*Kisamvu.* Hapa msifupishe moto kwa ajili ya vitamini yoyote. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu bila kifuniko ndiko kunakoiondoa. Kipike kama wazee wanavyokipika, ukubali kwamba vitamini C yake imeondoka, kisha ukamulie ndimu mezani.

*Kachumbari.* Vitunguu unaweza kuvisugua kwa chumvi na kuvisuuza, havina mengi ya kupoteza. Nyanya, hoho na kabichi zisisuuzwe zikishakatwa. Zioshe nzima kwa maji salama, zikate dakika 15 kabla ya kula, na ndimu iingie mara moja, kwa sababu uchachu huichelewesha vitamini kuharibika. Kachumbari ya nyanya mbili, hoho moja na kabichi konzi nne inatosha watu watatu, kila mmoja akipata takriban mg 50 au zaidi. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, acha kachumbari na ule matunda unayomenya mwenyewe.

*Uji.* Juisi au tunda lisichemshwe ndani ya uji. Pika, epua, ungoje hadi uweze kuutia kidole bila kuungua, ndipo ukoroge papai lililopondwa au ubuyu.

*Ubuyu.* Unga wake hudumu kuliko tunda lolote, maana ni mkavu na mchachu. Weka vijiko vinne vya chakula vya mbegu zenye unga kwenye nusu lita ya maji ya kunywa yaliyopoa, acha dakika 30, koroga kwa nguvu, chuja. Usichemshe. Ule wa peremende nyekundu, unaopikwa kwa shira na rangi, ni kitafunwa kitamu, lakini usiuweke kwenye hesabu hii.

*Choroko zilizochipua.* Hii ni kwa sehemu kavu, kwa kambi, na kwa miezi ambayo soko halina kijani. Choroko kavu hazina vitamini C ya maana, ila zikichipua huitengeneza, takriban mg 13 kwa gramu 100. Chagua kikombe kimoja cha choroko nzima zisizobunguliwa, loweka saa 12, mwaga maji. Ziweke kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa chenye unyevu, mahali penye kivuli. Zisuuze asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili au ya tatu mkia ukifika sentimita 2, zikaange dakika 3. Zikitoa harufu ya kuchacha au utelezi, tupa zote: hazikusuuzwa vya kutosha au maji yalituama. Usizile mbichi, kwa sababu joto na unyevu unaoziotesha huotesha bakteria pia.

Kukausha mboga juani husaidia kuhifadhi chakula, na madini yake hubaki, ila vitamini C nyingi huondoka na jua.

Hatua ya tano: wale wanaoachwa nyuma

Mtoto anayenyonya mama mwenye lishe nzuri yuko salama hadi miezi sita. Hatari huja anapohamishiwa kwenye maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na uji mtupu. Vijiko vitatu vya papai lililopondwa kila siku vinamtosha. Mtoto mwenye kiseyeye hulia akishikwa miguu na hujilaza kama chura, mapaja yamefunguka, asitake kusogea. Wazazi hudhani ameanguka.

Wanafunzi wa bweni, wafungwa, walevi wasiokula, wazee wanaoishi peke yao kwa chai na mkate, na wagonjwa wanaosafishwa figo nao wako hatarini. Shule inayopika ugali na maharage siku tano haihitaji bajeti kubwa: kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na kukamuliwa ndimu, konzi moja kwa kila mwanafunzi, mara moja kwa siku, inatosha kuzuia ugonjwa.

Mwenye upungufu wa damu apange muda. Vitamini C huongeza ufyonzaji wa chuma cha maharage na mboga iwapo vinaliwa mlo mmoja, wakati chai na kahawa hukizuia. Chungwa liwe pamoja na chakula, na chai isogezwe saa moja au mbili mbele.

Hatua ya sita: vidonge, kwa akili

Kidonge kina nafasi pale chakula kinaposhindikana. Mg 100 hadi 200 kwa siku zinatosha. Damu yenyewe hujaa ukifika kati ya 200 na 400, na zaidi ya hapo unalipia mkojo. Kikomo kwa mtu mzima ni mg 2,000 kwa siku, na kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni 400 tu. Kuzidisha huleta kuhara na tumbo kukata, na kwa wanaume hasa huongeza hatari ya mawe ya figo.

Wasijinunulie dozi kubwa bila daktari: mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara, kwa kuwa mwili wake tayari una chuma kingi na vitamini hii huongeza kinachoingia, mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si adimu pwani yetu, na mwenye ugonjwa wa figo. Vile vya kuyeyuka kwa mapovu vina chumvi ya sodiamu, mwenye presha aliangalie hilo.

Na mafua? Majaribio mengi yakijumlishwa, anayetumia vitamini C kila siku haugui mara chache zaidi, ila muda wa mafua yake hupungua kwa asilimia 8 hivi, yaani nusu siku katika wiki. Kwa watoto ni asilimia 14. Anayeanza siku pua imeziba hapati faida inayoonekana wazi.

Usiitie moja kwa moja kwenye utando

Vitamini C hufika kwenye utando kupitia damu. Limau juu ya kidonda cha mdomo huchoma seli changa zinazojaribu kukifunika. Kidonge cha kutafuna kikikaa karibu na fizi huacha asidi inayomomonyoa jino, hivyo kimeze au utafune upesi, usukutue kwa maji, na mswaki usubiri dakika 30. Kujisafisha ukeni kwa ndimu au limau kunajeruhi utando na kufungua njia kwa maambukizi, VVU ikiwemo. Puani na machoni pia, marufuku.

Kinachofuata ikiwa ni kiseyeye kweli

Utaratibu unaotumika sana kwa mtu mzima ni hadi gramu 1 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, kwa siku 3 za mwanzo, kisha mg 500 kila siku kwa wiki moja, kisha mg 100 kila siku kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Mtoto hupewa mg 100 hadi 300 kwa siku. Daktari ndiye wa kupanga, kwani mwenye kiseyeye mara nyingi amepungukiwa na vingine pia. Uchovu na maumivu huanza kulegea ndani ya siku moja hadi tatu, damu hukoma katika siku chache, na fizi huchukua wiki kadhaa kurudi. Katika kipindi hicho piga mswaki laini mara mbili kwa siku, hata damu ikitoka, kwa sababu fizi iliyoachwa na uchafu haiponi.

Zikipita wiki mbili za dozi kamili na fizi bado zinavuja, tatizo liko kwenye ukoga au kwenye damu yenyewe. Muone daktari wa meno auondoe ukoga, na umwombe kipimo cha picha kamili ya damu.